Msoma Mita

Mchana nasoma mita za maji za watu.
Mabatini napanda ngazi zilizochongwa na nyayo,
jiwe juu, jiwe chini, nyumba katikati
kama bi harusi kati ya mawifi.
Hodi. Karibu, mbwa kafungwa.
Nainama, nafuta vumbi la kioo kwa kidole gumba,
naandika tarakimu, naaga.

Watu hudhani mita inahesabu maji tu.
Kwa mama Ng'walu zilikuwa uniti kumi na nne
kila mwezi, hazipandi hazishuki.
Juni zikasoma tatu.
Sikuuliza. Kwenye kamba ya nguo
hapakuwa na suruali hata moja.

Hiyo nikaiiba.
Nikashuka nayo hadi Igogo jua likiwa utosini,
nikasonga ugali nayo, nikamkata Mafuru kucha nayo,
nikamsikiliza Nyamizi akikariri mara saba, mara nane,
nimeificha chini ya ulimi,
hadi saa nne, Bwire amelala ananuka dizeli ya mashine za mitumbwi,
ndipo nikaitema mezani.
Wanasema mshika mawili moja humponyoka.
Mimi nimeshika matano, na la sita liko mdomoni.

Yule mwanamke nikampa jina jingine, Nkwimba,
na nyumba nyingine, ng'ambo, Kamanga.
Nikamsimamisha mlangoni, mkono kwenye kitasa,
ndani kuna mtu anakohoa.

Akasimama.
Mafuru akaugua homa, Nkwimba kasimama.
Ankara za mwisho wa mwezi, kasimama.
Kipaimara cha mtoto wa wifi, tukakesha tunachambua mchele,
nikamkumbuka alfajiri, vidole vimeniganda,
maskini, bado kasimama.
Asubuhi Bwire huniuliza akifunga viatu:
"Yule dada kaingia?"
"Bado."
"Mwambie miguu itamvimba."

Sasa, mtaani kwetu maji ya mgao huja Alhamisi, usiku wa manane.
Alhamisi moja ya Oktoba
nikatega mpira kwenye pipa, nikafungua koki,
nikakaa. Dakika tano tu, nikajiambia.
Nikasikia kitasa kikizunguka.
Wallahi nilikisikia. Nkwimba akavuta pumzi,
akasukuma mlango, nami nyuma yake,
ndani giza, harufu ya Vicks, kikombe kwenye sakafu,
na yule anayekohoa akasema, "Umechelewa,"
nikawa naandika mbio, mbio, hata nukta siweki,

mpaka Bwire akaweka mguu chini
akapiga ukelele.

Maji yalikuwa yamepita jikoni, yamepita korido,
yamelilowesha godoro la watoto tangu chini.
Kandambili zinaelea kama mitumbwi isiyo na mwenyewe.
Mimi, mtumishi wa idara ya maji!
Hakunigombeza. Alishika dekio.
Kimya chake kilikuwa kizito kuliko godoro.

Asubuhi tukalianika juu ya jiwe, nyuma ya nyumba,
mtaa mzima ukaliona.
Majirani wakamcheka Mafuru, mvulana mkubwa hivi!
Akasimama juu ya jiwe, mikono kiunoni:
"Si mimi! Ni hadithi ya mama!"

Mwisho wa mwezi niliinama kwenye mita yangu mwenyewe.
Kumi na saba. Kawaida yetu kumi na mbili.
Nilifikiri kuandika kumi na mbili.
Niliandika kumi na saba.

Jumapili Bwire hakwenda Kirumba.
Alikaa uani na msumeno, kipande cha bomba,
na boya la zamani la nyavu, jeupe, lina meno ya panya.
Akanituma spana, akanituma uzi, akala, akarudi.
Jioni akaliita pipa kwa kulipiga kofi:
"Likijaa, boya linapanda. Linafunga lenyewe."
Hakusema kwa nini.
Akanawa mikono, akaingia ndani,
kisha akatoa kichwa dirishani.

"Huyo anayekohoa," akasema,
"ni nani?"